Adabu Iliyoniangusha Mtihani

Mimi nililelewa kunyamaza, na kwa kunyamaza nilikuwa hodari. Nyumbani kwetu Beni mtu mzima akianza kusema, mtoto hufunga kinywa, hutazama vidole vya miguu yake na kungoja mpaka aulizwe. Dada zangu walishindwa. Mmoja alikuwa na kicheko, mwingine kikohozi cha uongo. Mimi nilikaa kama gunia la maharage. Shangazi zangu wakija kututembelea walimwambia mama, "Huyu kweli umemulea," na mama aliinua bega moja kana kwamba si kitu, lakini jioni kipande changu cha nyama kilikuwa kikubwa kuliko vya wengine. Sisemi haya ili kujisifu. Nayasema kwa sababu adabu hiyohiyo ndiyo iliyoniangusha mtihani wa Kijapani, nami nikakasirika karibu mwezi mzima.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa na kila mtu, hata na askari wa kwenye kizuizi cha barabarani: Kijapani, Butembo? Ndiyo, Butembo. Chuo chetu kiko juu ya kilima, na mwisho wa veranda ya idara ya lugha kuna chumba kimoja chenye dirisha lililovunjika kioo. Hapo ndipo Kijapani kinapofundishwa. Kozi ilianzishwa na padri mmoja mzee, mzaliwa wa Kayna, ambaye shirika lake lilimpeleka Japani akiwa kijana, akakaa huko mpaka nywele zikamwisha kichwani. Walipomrudisha nyumbani apumzike, alikataa kupumzika. Alirudi na masanduku mawili ya vitabu na tabia ya kuinama hata anapoongea kwenye simu, na mtu wa upande wa pili hamwoni.

Nilijiandikisha kwa hasira. Karani wa chuo alitazama karatasi zangu akasema kozi ile ni ngumu, heri msichana kama mimi achukue kitu chepesi. Nilimwambia aandike Kijapani, na aandike kwa herufi kubwa. Usiku nilijiuliza nimefanya nini, lakini ada ilikuwa imeshalipwa, na mimi si mtu wa kurudi nyuma mbele ya karani.

Mama, ambaye anauza maharage katika soko la Beni, aliniuliza swali moja tu. "Kijapani njo kitauza maharagi?" Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Akacheka, akaniongezea nauli.

Tulianza wanafunzi kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza padri alitupeleka kwenye maegesho ya magari, kwa kuwa nusu ya magari ya mji huu yametoka Japani yakiwa yameshachoka, na maandishi yao bado yako ubavuni. Tulisoma tukiwa tumesimama kwenye matope. Basi dogo lililobeba mbuzi lilikuwa la shule ya chekechea. Gari la mchuuzi wa samaki wa chumvi lilikuwa la mazishi. Padri alitukataza kumwambia mwenyewe.

Habari zikaenea kwamba kuna msichana anayejua lugha ya magari. Likizo moja, dereva wa teksi wa Beni alinisimamisha barabarani. "Mademoiselle, huyu mama wa ndani ya gari, kila asubui ananiambiaka nini?" Aliwasha injini, na kweli sauti nyororo ya mwanamke ikasema maneno yake. Nikamweleza kuwa kwao kuna kadi ya kulipia barabara, na mama yule anasema kadi haijaingizwa. Dereva alishusha mabega. "Carte tu? Miaka mbili mimi namuitikaka, bonjour mama, bonjour mama." Alinipeleka mpaka nyumbani bila malipo, lakini njia nzima alikuwa na huzuni.

Kufika mwaka wa mwisho, ule wa kiwango cha juu, tulikuwa tumebaki wawili: mimi, na mwenzangu mmoja, mvulana wa Butembo, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Wengine walikimbilia masomo yenye vitabu vya kutosha. Sisi tulisoma magazeti ya zamani ya padri, tulijifunza ngazi za heshima, namna ya kusema na mkubwa, na mkubwa wa mkubwa, na mteja, na mama mkwe. Tulijifunza kwamba barua ya Kijapani haianzi na shida yako. Inaanza na majira, maua yanayochanua, majani yanayoanguka. Hili lilitusumbua. Majira gani Butembo? Mwenzangu aliandika, "Hapa kwetu kabichi zimekomaa." Mwezi uliofuata aliandika tena, "Hapa kwetu kabichi zimekomaa." Padri akamwambia hilo ni kosa, na mwenzangu akajibu kuwa kosa ni la kabichi.

Mimi katika ngazi za heshima nilikuwa nyumbani. Padri alisema nimezaliwa nazo. Kwa hiyo nilijiona nimeshapita mtihani kabla ya kuufanya, na hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo. Profesa mmoja mwanamke, rafiki wa padri tangu zamani, ndiye angetupima akiwa kwao Japani, sisi tukimwona kwenye kompyuta. Kulikuwa na jambo zaidi ya alama. Macho ya padri yalikuwa yanafifia. Alisoma kwa kuweka karatasi karibu na pua. Wakubwa wa chuo walikuwa wameshatamka: mwanafunzi akipita vizuri, atabakizwa kuwa msaidizi na kozi itaendelea. Asipopatikana, siku padri atakapoacha, chumba kitapewa idara nyingine. Mwenzangu hakukitaka cheo hicho, alikuwa na duka la baba yake la vipuri linalomngoja. Niliyekitaka ni mimi. Nilikitaka hata nilikuwa nakwenda kufagia chumba kile siku za Jumamosi, kana kwamba tayari ni changu.

Siku ya mtihani jenereta iliwashwa, modemu ikakubali, na uso wa profesa ukatokea. Mwanamke wa makamo, nywele nyeupe pembeni, kikombe mkononi. Niliinama. Akainama. Kisha akaanza kunisimulia habari, ambayo mwishoni nilitakiwa kuijadili: nyumba ya bibi yake, huko kwenye theluji nyingi, na matunda ya rangi ya chungwa yanayoanikwa kwa kamba chini ya paa mpaka yakauke.

Nilielewa kila neno. Naapa. Niliona mpaka zile kamba. Nikafunga kinywa changu vizuri, nikashusha macho, nikamsikiliza kama ninavyojua kumsikiliza mtu mzima.

Alisema sentensi tatu, akatua. Nikanyamaza. Akaongeza nyingine mbili, akatua tena. Akauliza kama sauti inafika. Nikamjibu, kwa heshima ya ngazi ya juu kabisa, kwamba sauti yake tukufu inanifikia na ninashukuru mno. Akaendelea, lakini polepole. Nikazidi kushusha macho. Akarudia ile habari ya kamba kwa maneno mepesi. Nikanyamaza kwa bidii zaidi. Baada ya muda alikuwa anasema nami kama ninavyosema na mtoto wa dada yangu wa miaka mitatu, huku akionyesha kwa vidole: tunda, paa, baridi, brrr. Damu ilinipanda. Mimi nampa heshima, yeye ananirudishia uji wa mtoto! Muda ulipokwisha alikuwa ameniuliza swali moja, tunda lilikuwa la rangi gani.

Nilianguka. Karatasi ilisema uwezo wangu wa kuelewa ninaposikia haujafikia kiwango cha juu. Mwenzangu, ambaye katika mazoezi hakuelewa hata nusu yangu, alipita. Nilimuuliza alifanyaje. "Mimi? Nilisema tu hai, hai, hai," akajibu. Hai ni ndiyo ya Kijapani. "Kila akipumua, mimi hai. Mais, bibi yake alikufa ao hakufa? Sikusikia muzuri." Ningekuwa na fagio langu la Jumamosi mkononi, ningempiga.

Nilikwenda kwa padri nikiwa nimejaa maneno. Nilimwambia rafiki yake ana dharau, na ameniona mjinga kwa sababu ya ngozi yangu. Niliyasema yote hayo, na nilipomaliza nikaona aibu, kwa kuwa hakuna siku nilikuwa nimemsemesha mtu mzima kwa urefu ule. Padri hakukasirika. Alivua miwani.

"Ma fille, wakati alikuwa anasema, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilinyamaza, mon père. Ni mutu mukubwa."

"Ulinyamaza kabisa kabisa?"

"Hata kupumua nilipumua kidogo."

Alijipiga paji la uso, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniomba msamaha, jambo ambalo lilinitisha zaidi ya kucheka kwake. "Hii ni kosa yangu. Mimi niko mutoto wa Kayna. Munaninyamazia, najua munasikia. Nilisahau kama kule habaelewe hivyo."

Akanieleza. Kwa Wajapani, anayesikiliza naye ana kazi. Msemaji akitua kidogo tu, msikilizaji anatia neno dogo: hai, ee, kumbe, ndivyo, na kisha? Maneno hayo yana jina, huitwa aizuchi, na jina lenyewe limetoka kwa wahunzi, mmoja anapiga nyundo na mwenzake anamjibu kwa nyundo yake. Mtu akikaa kimya, msemaji anafikiri simu imekatika, au amechukiza, au hajaeleweka. Profesa hakuwa amenidharau. Maskini alikuwa ananitafuta, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye watu na haoni anayefungua.

Kulikuwa na kikao cha pili, wiki sita mbele. Nikikosa hapo, mwaka umekwenda na chumba kimekwenda.

Tulianza mazoezi na ilikuwa mateso. Kichwa changu kilikubali, kinywa kilikataa. Padri aliposema nami, kila "hai" ilitoka imechelewa na ngumu kama kokoto, nami nilihisi nimemkatisha mzee. Siku moja alinisimulia kwa Kijapani kuhusu kifo cha mama yake, nami kwa kuogopa kunyamaza nikapiga "kumbe!" ya furaha kabisa. Alinitazama juu ya miwani. "Mama amekufa, wewe unafurahia." Nikalia palepale. Akaniambia niende nyumbani Beni wiki mbili, kwa sababu akili iliyochoka haifundishiki.

Mama hakuniruhusu kukaa nyumbani na huzuni yangu. Kesho yake asubuhi alinirushia koti. "Tunaenda Kirumba. Ao unataka ukae hapa ulilie mutihani, maharagi itajileta yenyewe?" Wakati ule barabara ya kusini ilikuwa bado inapitika, na mama alikuwa na wakulima wake wa miaka mingi huko. Tukapanda kwenye kichwa cha lori, mimi katikati, tukapita Butembo, tukapita baridi ya Lubero, nami njia nzima sikusema kitu, tabia ikiwa ni ileile.

Pale Kirumba tulifika kwa mama mmoja mkulima, mwenye nyumba ya mbao nyuma ya soko. Kabla ya kuonyesha gunia hata moja, alikaa kwenye kigoda akaanza kueleza kwa nini maharage ya msimu huu ni machache. Alianzia mbali sana, kwenye harusi ya jirani. Mimi nikashusha macho kwenye vidole vyangu. Ndipo nikamsikia mama yangu.

"Eee," alisema mama. Mkulima akaendelea. "Weee!" alisema mama. Mkulima akapandisha sauti. "Ya kweli?" "Kweli kabisa, mama." "Na kisha?" "Kisha mbuzi ikaingia mu shamba." "Nyamuhanga!" akasema mama, akiita jina la Mungu kwa Kinande, na kupiga paja. Hakumkatisha hata mara moja. Kila neno lake liliingia pale mkulima alipovuta pumzi, na kila lilipoingia habari ilipata nguvu, harusi ikazaa ugomvi, ugomvi ukaacha ua bila kufungwa, mbuzi wakapita. Niliinua macho. Nilimtazama mama yangu kama mtu niliyekutana naye siku hiyo. Huyu aliyenifundisha kunyamaza kwa jicho na kwa kibao alikuwa bingwa wa kile kitu nilichokuwa nakililia Butembo.

Kurudi, lori lilikwama kwenye matope kabla ya Lubero. Wanaume walishuka na majembe. Sisi wawili tulibaki ndani, magunia nyuma, vioo vimefungwa kwa baridi. Nikavunja sheria ya maisha yangu, nikauliza.

"Mama, ju ya nini sisi ulitukatazaka kuitika mutu mukubwa akisema?"

Alifikiri. "Mulikuwa batoto. Mutoto akiitika, anajifanya anajua. Mais mukubwa na mukubwa mwenzake, inafaa basaidiane. Mutu akikuletea habari, ni sawa amebeba muzigo. Utamuangalia tu?"

"Na mimi? Niko bado mutoto?"

"Uko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

Mama alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kama anavyokagua gunia. "Bon," akasema. "Itika basi."

Na kwa kuwa lori halikuwa linakwenda popote, alianza kunisimulia. Alianza na jambo dogo, shule yao ya msingi ya kijijini, na mimi nikasema "eee" ndogo sana, nikingoja lile jicho. Jicho halikuja. Nikasema nyingine. Nilipofika ya tatu mama alikuwa amegeuka, magoti yake yananitazama. Akaniambia alikuwa wa kwanza darasani. Nilijua mama aliishia darasa la nne, lakini hilo la kuwa wa kwanza sikuwahi kulisikia. "Weee," nikasema, na sikuwa nafanya mazoezi.

Akaniambia babu alisema madaftari ni ya mtoto mmoja tu, na mjomba wangu ni mwanamume. Mama akatolewa. Lakini asubuhi, akitumwa kuchota maji, aliweka ndoo chini na kusimama nje ya dirisha la darasa lake, asikilize. "Na kisha?" nikauliza. Kisha mwalimu akamwona. Hakumfukuza. Hakumwita. Alisogeza ubao tu karibu na dirisha, akaendelea kufundisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikawa hivyo siku nyingi. "Na kisha, mama?" Kisha asubuhi moja babu akaja kutafuta maji yake. Alimkuta pale dirishani, akambeba yeye na ndoo, na somo likiwa halijaisha. Hakurudi tena.

Nilimwitikia mpaka mwisho. Nilikuwa na uchungu na furaha pamoja, uchungu kwa ajili ya yule msichana mwenye ndoo, furaha kwa sababu katika maisha yangu yote mama alikuwa hajanisimulia kitu kikaisha. Nilidhani hana la kusimulia. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa simpi nafasi, kwa adabu yangu nzuri. Lori likatoka matopeni, tukanywa chai Lubero.

Kikao cha pili kilifika. Jenereta, modemu, uso wa profesa, kikombe kilekile. Nilijua nikikosea sasa hakuna tena. Padri aliketi nyuma yangu akiwa na rozari mkononi.

Profesa alirudi palepale, nyumba ya bibi, theluji, matunda chini ya paa. Alipovuta pumzi ya kwanza nikasema, "Hai." Macho yake yaliinuka kutoka kwenye karatasi. Aliendelea, kwa mwendo wake wa kawaida, na mimi nikaingia naye: ee, ndivyo, kumbe. Sikuwa nahesabu tena. Nilimsikiliza kama tulivyomsikiliza mama wa Kirumba. Akapita pale tulipoishia mara ya kwanza, akafika nisipopajua. Bibi alikufa. Nyumba ikauzwa. Mnunuzi akaukata ule mti wa matunda siku ya kwanza tu, kabla hata ya kuingiza vitanda.

"Weee!" nikasema.

Lilitoka lilivyo, refu, la soko la Beni, na mkono wangu ukapiga paja. Nyuma yangu nilisikia rozari ikidondoka. Profesa alinikodolea macho, na mimi nikaona chumba kinakwenda, na ubao wake na fagio langu. Kisha akasema, "Ndiyo. Hivyo hasa," akatoa kitambaa akajifuta macho, akaendelea kunieleza alivyosimama barabarani kutazama kile kisiki. Aliongea mpaka muda wa maswali ukapita. Aliposhtuka aliomba radhi, akasema hajapata kuisimulia habari ile kwa mwanafunzi mpaka kwenye kisiki.

"Na wewe?" akaniuliza. "Sasa nisimulie wewe."

Nikamsimulia ile ya dirisha. Sikuwa nimeitayarisha, niliisema kwa Kijapani chenye makosa, na ngazi za heshima zikaanguka njiani. Na kila nilipotua, kutoka upande ule wa dunia, sauti ilikuja. Ee. Ee. Na kisha? Nilikuwa sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu mzima, nikaelewa kwa nini mkulima wa Kirumba alianzia harusini. Nilipofika pale ubao uliposogezwa, profesa aliweka kikombe chini. Akauliza swali moja tu: asubuhi ile ya mwisho, ubaoni kulikuwa kumeandikwa nini? Sikujua. Nikamwambia nitamuuliza mama.

Matokeo padri aliyasoma siku ya tatu, karatasi ikiwa imemgusa pua. Nimepita, na kwa kuelewa ninaposikia nimepewa alama ya juu kuliko zote. Aliniinamia. Mimi nilimkumbatia, kitu ambacho hakipo katika adabu ya Japani wala ya Kayna, na mwenzangu mwenye mdomo akapiga vigelegele vya kike kwenye veranda.

Nikampigia mama. Alikuwa sokoni.

"Mama, nimepita. Nabaki kwa chuo, nitafundisha."

"Ngoya," akasema. "Ngoya, niweke haut-parleur." Akafungua spika ya simu, nikasikia akiwaita mama wote wa mstari wake, wa maharage, wa mchele, wa mafuta ya mawese. "Sema sasa. Tangu mwanzo."

Nikawasimulia tangu mwanzo, jenereta, theluji, matunda, mti uliokatwa. "Weee!" wakasema wote pamoja, hata simu ikakwaruza. Nikafika pale nilipoulizwa habari yangu.

"Nikamuambia ile yako ya dirisha, mama."

"Ulimuambia Mujapani ile?"

"Nilimuambia. Akauliza, ile siku ya mwisho, kwa tableau kuliandikwa nini?"

Mstari mzima ulinyamaza. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha mama akasema, polepole, kwa sauti ya mtoto anayesimama darasani: "Mvua inatoka wapi. Jua linachoma maji ya ziwa. Maji inapanda juu, hatuione. Inafika kule juu, fasi ya baridi." Akatua. "Hapo baba akakuya."

"Kule fasi ya baridi, maji inageuka mawingu, mama," nikamwambia.

"Eee," akasema mama.

"Ni matone madogo madogo. Inakutana, inakuwa mingi, inakuwa nzito."

"Eee."

"Mawingu inashindwa kuibeba. Inaanguka."

"Kumbe," akasema mama, na wale mama wengine wakasema kumbe, na mmoja wao akaniuliza, basi mvua ya mawe je? Nikamweleza na hiyo, mpaka salio la simu likaisha.